Mteja Akiuliza "Hii Meza Ni Mbao?" Usikimbilie Kusema Ndiyo

Kama unauza meza za ofisi mtandaoni, hili swali unalijua. Umeposti picha, meza inang'aa, bei umeweka, mtu anakuja inboksi: "Boss, hii ni mbao?" Wauzaji wengi wanajibu "ndiyo, mbao ngumu kabisa" halafu wanahamia kwenye nauli ya bodaboda. Miezi minne baadaye mteja yuleyule anarudi na picha. Pembeni meza imevimba kama mkate uliochovywa kwenye chai, au katikati imebonyea kama kitanda cha kamba. Na hapo haji inboksi tena, anakuja kwenye komenti ambako kila mtu anasoma.

Mimi nauza meza na makabati, sijasomea useremala, lakini nimekaa sana na mafundi wa Keko hapa Dar na nimefungua meza nyingi zilizorudi kutengenezwa. Kitu kimoja nimekiona kikijirudia. Meza ya ofisi mara nyingi haifi juu, pale mteja anapogonga kwa kidole akiwa anakagua. Inafia pembeni, kwenye kona, kwenye tundu la waya na kule chini skrubu ziliposhikia. Kwa hiyo ukimlinganishia mteja mali, usiishie kusema "hii haikwaruziki". Mwambie na maji yataingilia wapi.

Twende taratibu.

Kila meza ina ngozi na ina nyama. Ngozi ni ile sehemu unayopangusa kwa kitambaa. Nyama ni ubao wenyewe uliobeba hiyo ngozi. Unaweza kukuta ngozi ngumu imelala juu ya nyama dhaifu, na unaweza kukuta nyama ya miaka thelathini imepakwa ngozi inayoharibika kwa tone moja la asetoni. Mteja anauliza swali moja, wewe inabidi umjibu mawili.

CHIPIBODI YENYE MELAMINI

Hii ndiyo inauzwa kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Ile meza nyeupe, au ya kahawia yenye mistari ya mti inayofanana meza zote kumi dukani, inayokuja kwenye boksi ikiwa vipande, ni chipibodi. Ndani ni vipande vidogo vya mbao vimechanganywa na gundi vikabanwa kwa joto. Juu yake ni karatasi ya rangi iliyolowekwa kwenye kemikali ya melamini, ikabandikwa kwa mashine yenye joto na mgandamizo. Ndiyo, ile mistari ya mninga ni picha iliyochapwa.

Usiidharau hiyo karatasi. Ni ndugu wa zile sahani za melamini tunazolia pilau kwenye shughuli. Hainyonyi chai, wino wa kalamu unafutika, sanitaiza haiipauki, na hata asetoni ikimwagika ukapangusa mapema haiachi alama. Kwa kazi ya kuandika, kompyuta na kikombe cha kahawa, ngozi ya melamini inashinda vanishi nyingi tunazopakiwa mitaani. Adui yake ni kitu chenye makali. Ile karatasi ni moja tu na ni nyembamba. Ukikata seloteipu kwa wembe moja kwa moja juu ya meza, kama tunavyofanya wengi wakati wa kufunga oda, unaipasua. Ikishapasuka, maji ya kitambaa yanafika kwenye nyama.

Na nyama ya chipibodi ikinywa maji inavimba, na ikikauka hairudi ilivyokuwa. Hapo hakuna msasa wala gundi itakayosaidia.

Sasa angalia pembeni. Chipibodi ikikatwa, ubavu wake uko wazi kama biskuti iliyovunjwa. Kiwandani wanauziba kwa utepe wa plastiki unaobandikwa kwa gundi ya moto. Huu utepe una unene tofauti. Kuna wa milimita 0.4 ambao ni kama kipande cha kadi, na kuna wa milimita 2 ambao ukiupitishia ukucha unausikia kabisa na kona yake imeviringwa kidogo. Meza mbili zinaweza kuwa na ubao uleule, rangi ileile, moja ikadumu na nyingine ikafa, tofauti ikawa ni huo utepe tu. Wa milimita 2 unapokea kugongwa na kiti. Wa 0.4 unabanduka kwenye kona, halafu mkono wa shati la mteja unamalizia kuung'oa. Pia ile gundi inalainika kwa joto kali, kwa hiyo usiache mzigo siku nzima ndani ya gari lililofungwa juani halafu ushangae kona zimefunguka.

Ukinunua jumla, geuza meza. Mtengenezaji anayebana gharama anaweka utepe mbele tu pale panapoonekana. Upande wa ukutani anaacha wazi. Tundu la kupitishia waya anaacha wazi. Na pale chini, ule ubao wa mguu unaokanyaga sakafu, anaacha wazi kabisa. Hapo ndipo penye balaa, maana ofisi zetu zinapigwa deki. Kila asubuhi dada wa usafi anapitisha dekio, maji yanakaa chini ya mguu, ubao unakunywa kwa chini polepole. Wenye meza wanasema imeliwa na wadudu, kumbe ni ndoo ya deki. Dawa yake ni rahisi: weka vikanyagio vya plastiki au vya chuma chini ya kila mguu ili ubao usiguse sakafu, na paka vanishi au silikoni kwenye ubavu wote ulio wazi, likiwemo tundu la waya. Ni kazi ya dakika ishirini. Ukiifanya kabla ya kuuza unaweza kuitaja kwenye tangazo, na mteja anaona umejali.

Unene nao. Mbao hizi zinakuja za milimita 16, 18 na 25. Mtu anaona tofauti ya 18 na 25 ni ndogo, ni milimita saba tu. Lakini ubao kubonyea haufuati hesabu ya kawaida. Ugumu wake unakua kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Piga hesabu, 25 dhidi ya 18 inakupa kama mara mbili na nusu na zaidi kidogo. Urefu bila mguu wa kati ndiyo mbaya zaidi. Ukitoka sentimita 120 ukaenda 140, na meza imejazwa vitu vilevile mwanzo hadi mwisho, kubonyea kunakaribia mara mbili. Kwa hiyo ile meza ya sentimita 140 ya ubao wa 16 isiyo na chuma chini, yenye printa katikati, itabonyea tu, na chipibodi ina tabia ya kuendelea kubonyea kidogo kidogo hata mzigo usipoongezwa. Mwambie mteja printa ikae karibu na mguu. Au mwambie fundi apitishe chuma cha mraba chini kwa urefu.

La mwisho kwa chipibodi ni kuhama. Skrubu ikiingia mara ya kwanza inashika vizuri. Ukiitoa ukairudisha, inashika kidogo. Mara ya tatu inazunguka tu. Wateja wetu wengi wamepanga fremu, mwaka huu Sinza mwakani Tabata. Mteja wa namna hiyo mshauri meza yenye fremu ya chuma, ubao ukiwa umefungwa kwa bolti na nati, siyo skrubu za kuzama kwenye ubao.

MDF

MDF nayo ni mbao iliyosagwa, ila imesagwa mpaka ikawa nyuzi laini, kwa hiyo haina vipande wala mistari. Ukiikata ubavu unatoka laini, ndiyo maana mafundi wanaipenda kwa kuchonga kona za mviringo na kupulizia rangi. Meza nyingi zile nyeupe zinazong'aa kama gari unazoziona kwenye saluni na mapokezi ni MDF iliyopuliziwa.

Shida ni kwamba hapa ngozi ni rangi, na ubora wa rangi ni ubora wa fundi. Fundi akiruka hatua ya kuziba kabla ya rangi, ubavu unanyonya na baada ya muda unaonekana umekwajuka. Ukigonga kona na stepla, rangi inaruka na kahawia ya ndani inaonekana. Na kwa sisi wa kufunga mizigo kuna hili: seloteipu ikibandikwa juu ya rangi halafu ikavutwa kwa nguvu, inaweza kuondoka na rangi. Ukitaka kuibandua, paka mafuta ya kula kidogo, subiri, kisha sukuma na kadi ya zamani ya benki.

Kwa maji MDF si salama kuliko chipibodi kama watu wanavyodhani. Ubao wa milimita 18 ukilowa sawasawa ubavuni unaweza kufika 20 na zaidi, na haurudi. Ipo ya kustahimili unyevu, mara nyingi katikati wanaitia rangi ya kijani ili itambulike. Hiyo ni afadhali sana, lakini kustahimili unyevu siyo kukaa kwenye maji.

Mbao hizi zote mbili zina gundi yenye formaldehaidi. Ukifungua boksi ukasikia harufu ya kuwasha macho, ndiyo hiyo. Tafuta zenye alama ya E1 kwenye ubao au kwenye makaratasi ya mzigo, inamaanisha kiwango cha hewa hiyo kimedhibitiwa. Mteja mwenye ofisi ndogo isiyo na dirisha la maana atakushukuru.

FOMAIKA

Hapa ndipo penye siri ya meza za zamani za maofisini. Unaikuta meza ina umri kuliko wewe, juu bado iko sawa, pembeni tu pamebanduka kidogo. Hiyo ni fomaika.

Historia yake fupi inafurahisha. Mwaka 1912 kule Pittsburgh, Marekani, Herbert Faber na Daniel O'Conor walikuwa wanafanya kazi kampuni ya Westinghouse, wakitafuta kitu cha kuzuia umeme badala ya madini ya maika. Jina Formica limetoka hapohapo, kwa maana ya "badala ya maika". Mwaka uliofuata wakaanzisha kampuni yao. Mambo ya meza yalikuja baadaye.

Tofauti yake na melamini ya kawaida ni hii. Kule ni karatasi moja iliyobandikwa juu ya chipibodi. Huku ni karatasi nyingi ngumu za kahawia, kama zile za mifuko ya saruji, zimelowekwa kwenye kemikali na kurundikwa, juu ikawekwa karatasi ya rangi yenye melamini, zote zikabanwa pamoja kwa joto na mgandamizo mkubwa mpaka zikawa shiti moja ngumu ya karibu milimita moja. Juu ni melamini ileile, lakini chini yake kuna mwili. Ndiyo maana ukidondosha panchi haichimbiki haraka, na chombo cha moto kikigusa muda mfupi inavumilia. Kuipasua kwa wembe ni kazi.

Udhaifu wake ni gundi. Shiti inabandikwa na fundi kwa gundi ya kugusisha, na fundi mwenye haraka haachi gundi ikauke kidogo kabla ya kubandika. Kona zinainuka. Ukigonga kwa kidole ukasikia mlio wa utupu sehemu, hapo gundi haikushika. Na kingine ambacho wateja hawakijui: fomaika ikibandikwa juu tu, chini pakaachwa mbao tupu, pande mbili zinanyonya unyevu tofauti na ubao mpana unaweza kujikunja. Fundi anayejua anabandika na chini, hata shiti ya bei rahisi. Ukiiona meza ya fomaika ina shiti na chini, hiyo meza imetengenezwa na mtu.

PLAIWUDI NA HIYO WANAYOITA MARINE BOARD

Plaiwudi ni tabaka nyembamba za mti zimepishanishwa, moja imelala huku nyingine kule. Kwa sababu hiyo haipanuki ovyo, inashika skrubu kuliko chipibodi, na haibonyei haraka. Kwa nyama, mimi naipa alama ya juu kwenye hizi mbao za kiwandani. Ikitumika gundi ya ndani ya nyumba na maji yakaingia, tabaka zinaachana, lakini inachukua muda.

Jina la marine board kuwa nalo makini. Mtaani linaitwa kwa kila plaiwudi yenye ngozi nyeusi au kahawia inayong'aa, ambayo kazi yake hasa ni kumwagia zege. Plaiwudi halisi ya boti ina kiwango chake, BS 1088 cha Uingereza, na inaandikwa. Kama haijaandikwa, iuze kama plaiwudi ya zege, siyo ya baharini. Inabaki kuwa mali nzuri kwa meza ya kazi ngumu.

Mtu akiniambia nitengenezee meza ya kufungia oda, siyo ya kupigia picha, namwambia plaiwudi ya 18 yenye fomaika juu, fremu ya chuma. Haipendezi sana Instagram. Inafanya kazi.

MBAO YENYEWE

Mninga, mkongo, mvule, mkangazi, mtiki, na kwa bei ya chini paini. Hapa mteja anaposema "mbao" ndicho anachofikiria, na ndiyo maana akipelekewa chipibodi anajisikia kaibiwa.

Ubora mkubwa wa mbao ni kwamba inatengenezeka. Melamini ikichubuka imechubuka. Mbao ikichubuka unaita fundi, anapitisha msasa, anapaka upya, meza inaanza maisha. Mninga unapendwa si kwa rangi tu. Ukishakauka vizuri hauchezi sana, yaani haupanuki na kusinyaa kama miti mingine, na wadudu wanausumbua kidogo. Mkongo ni mgumu na unadumu. Mtiki una mafuta yake ya asili, kwetu unatoka sana mashamba ya serikali ya Longuza kule Muheza na Mtibwa Morogoro. Paini za Sao Hill, Mufindi, ni nzuri kwa fremu na rafu, lakini kwa uso wa meza ni laini. Weka karatasi moja juu ya paini uandike kwa kukandamiza, maandishi yanabaki kwenye meza.

Mambo mawili yanaua meza ya mbao. La kwanza ni mbao mbichi. Meza imetengenezwa Dar penye unyevu, mbao haijakauka, unaipeleka Dodoma kwenye hewa kavu. Inaendelea kusinyaa ikiwa imefungwa kwenye fremu, haina pa kwenda, inapasuka. Mteja wa Dodoma anakulaumu wewe, siyo hali ya hewa. Muulize fundi mbao imekaa muda gani, na uso wa meza afunge kwa namna inayouruhusu kusogea kidogo, kwa mfano matundu ya skrubu yawe marefu badala ya duara.

La pili ni vanishi. Nyama ni ya mninga lakini ngozi ni vanishi, na vanishi za kupuliza za haraka zinayeyushwa na spiriti na asetoni. Chupa ya sanitaiza ikikaa mezani ikivuja, inaacha duara jeupe au panakuwa panatanata. Vanishi ya polyurethane ya kuchanganya vitu viwili inavumilia zaidi, inagharimu zaidi, na inataka fundi anayejua vipimo. Ukiuza meza ya mninga kwa bei ya mninga halafu ukaweka vanishi ya bei ya chee, umemuuzia mteja nusu ya meza.

Tena mbao za asili zina vibali. Nunua kwa mwenye hati za TFS, maana mzigo unaweza kusimamishwa njiani na oda yako ikaishia kituo cha ukaguzi.

Kioo nitakipitia haraka. Hakinyonyi, hakipauki, asetoni haikifanyi kitu. Lakini kinakwaruzika, na mchanga ni mgumu kuliko kioo, kwa hiyo vumbi letu ukilisugua kwa kitambaa kikavu unachora. Pangusa kwa maji kwanza. Uza kilichochomwa kiwandani kikawa kigumu, kile kikivunjika kinakuwa vipande vidogo vidogo badala ya mapanga. Hicho hakikatwi tena wala kutobolewa baada ya kuchomwa, vipimo vikikosewa ndiyo basi.

MTEJA YUPI APEWE IPI

Kabla ya kutaja bei uliza: "Dada, hiyo meza ni ya kazi gani?" Swali moja linakuokoa.

Dada wa kucha anatumia asetoni siku nzima. Usimpe meza ya vanishi wala ya rangi ya kupulizia hata akiipenda kwa macho. Mpe melamini au fomaika, au kioo juu.

Fundi simu anatumia chuma cha lehemu, joto lake linapita nyuzi 300. Hakuna ngozi hapo juu itakayopona zaidi ya kioo na chuma, na hata kioo usikiamini. Muuzie meza ya kawaida pamoja na mpira wa silikoni wa kuwekea kazi, hapo na wewe umepata bidhaa ya pili.

Wa stesheneri anakata karatasi na ana printa nzito. Fomaika, ubao wa 25 au chuma chini, na mpira wa kukatia. Wakala wa miamala anaburuza sarafu na funguo, kiwiko chake kiko palepale miaka yote, jasho linafanya vanishi itanate. Fomaika tena. Bosi mwenye ofisi yake, anayetaka wageni waone, huyo ndiye wa mninga, na atapata thamani yake.

Anayeanza kabisa, hela haitoshi, usimkimbize. Chipibodi ya 18 yenye utepe wa milimita 2, urefu usizidi sentimita 120, vikanyagio chini. Akiitunza atakaa nayo miaka.

JARIBU MWENYEWE

Usiamini maneno ya msambazaji, wala yangu. Omba vipande vilivyobaki, hakuna fundi atakayekunyima. Kipimo cha Ulaya cha mbao hizi, EN 317, ni kitu unachoweza kukiiga nyumbani: kipande cha sentimita 5 kwa 5, pima unene katikati, zamisha kwenye maji saa 24, pima tena. Fanya kwa mali tatu nne kwenye ndoo moja, ziandike majina kwa kalamu ya mafuta. Piga picha kabla na baada. Hizo picha ni tangazo zuri kuliko maneno yoyote, maana mteja anaona kwa macho yake kwa nini meza hii imezidi ile kwa bei.

Juu ya kipande kingine weka tone la asetoni, tone la chai, tone la wino, acha dakika kumi, futa. Kwaruza kwa funguo. Bandika seloteipu, vuta. Nusu saa umemaliza.

Na kabla hujaahidi "tunaleta popote", piga hesabu ya uzito. Uso wa sentimita 120 kwa 60, ukiwa MDF ya 18, ni karibu kilo 10. Chipibodi ya 25 inafika kama 12. Kioo cha milimita 10 ni kilo 18 juu tu, bila miguu. Shiti nzima ya MDF ya futi 4 kwa 8 ni kama kilo 40, hiyo siyo ya bodaboda, tafuta kirikuu. Kona ndizo zinazopigwa kwanza kwenye buti la basi. Zifunge kwa vipande vya boksi vilivyokunjwa mara mbili, halafu plastiki juu, siyo plastiki peke yake.

Ukishajua yote haya, tangazo lako linabadilika. Badala ya "meza ya ofisi, mbao ngumu, original", andika: "Meza ya ofisi 120 kwa 60. Juu ni chipibodi ya milimita 18 yenye melamini, pembeni utepe wa milimita 2 pande zote, fremu ya chuma, vikanyagio vya plastiki. Inafaa kompyuta na kuandika. Haifai sehemu inayomwagika maji." Hiyo sentensi ya mwisho inawatisha wauzaji wengi. Lakini anayenunua baada ya kuisoma hana cha kukurudia nacho. Isitoshe, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa, na kuita chipibodi mninga ni kupotosha.

Kwenye picha zako, ya pili iwe ya ubavu, kamera karibu, utepe uonekane. Ya tatu geuza meza upige chini.